Mjomba Majok na Besi ya Tatu

Tangawizi kavu ikipondwa kinuni pamoja na kahawa iliyotoka kukaangwa, mimi siwezi kukaa. Hata kanisani, harufu hiyo ikipita dirishani katikati ya mkutano wa kinamama, najikuta nimekwisha simama na ninatafuta kisingizio cha kutoka nje. Watoto ninaowafundisha katekisimu hunicheka. Nawaambia watulie kwenye mabenchi, na mwalimu mwenyewe hajatulia. Wao sijawaeleza sababu. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliorudi Juba mkiwa wadogo baada ya amani kutiwa saini, kwa sababu uwanja ninaousema mnaujua, na huenda baadhi yenu mlikuwepo siku hiyo.

Mtakumbuka kwamba miaka ile hakuna mtu aliyekaa mahali pamoja. Lori lilishusha familia na magodoro yao leo, na wiki ijayo familia ile imehamia upande mwingine wa mji kwa ndugu mwingine. Barabara ilichimbwa, ikafukiwa, ikachimbwa tena. Vumbi jekundu liliingia mpaka ndani ya mkate. Watu wazima waliongea kwa sauti ya chini juu ya kura ya uhuru itakayokuja, kisha wakanyamaza tukikaribia, na sisi tukabaki na wasiwasi ambao hatukujua ni wa nini. Nilikuwa na miaka kumi. Nilizaliwa kambini kwa wakimbizi, Kenya, nikaja Juba pamoja na mama yangu na mdogo wake wa kiume, mjomba Majok, tukapanga chumba cha mabati mtaa wa Hai Cinema. Shule ilikuwa ya nusu siku. Nusu iliyobaki niliimaliza kwa miguu, kutoka nyumbani hadi Buluk, kutoka Buluk hadi soko la Custom, bila kutumwa na mtu na bila kutafuta kitu. Mama alisema mtoto huyu amemeza nyuki.

Mjomba alikuwa akishusha mizigo ya malori pale Custom. Huko alikutana na Kato, Mganda aliyeuza vipuri vya bodaboda. Kato alikuwa amesoma shule moja huko kwao ambako walicheza besiboli, na mchezo ule ulikuwa umemkaa mwilini kama malaria: ulitulia, kisha ukamrudia. Ulipomrudia Juba aliwakusanya waendesha boda, wapakiaji na vijana wa parokia yetu, akawapeleka kwenye uwanja mtupu wa Buluk, mbele ya kontena bovu lililoachwa na wajenzi. Gongo alilichonga kwa mti wa tiki. Mpira ulikuwa wa tenisi, umezungushiwa raba ya tyubu ya baiskeli. Besi zilikuwa magunia ya unga yaliyojazwa mchanga, manne, yamepangwa pembe nne.

Kwa wale ambao hawakuuona mchezo huo: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na aliyepiga anakimbia kutoka gunia hadi gunia mpaka arudi pale alipoanzia. Akiguswa na mpira akiwa kati ya magunia, ametoka. Kwa kawaida mkimbiaji anasimama kwenye gunia lake, anangoja mwenzake apige ndipo asonge mbele. Lakini sheria inamruhusu mkimbiaji mwenye moyo asingoje. Mrushaji akiwa bado anajipanga na mpira mkononi, yeye anachomoka na kulinyakua gunia linalofuata mbele ya macho ya watu wote. Hilo Kato aliliita kunyakua besi. Wengi walijaribu, wachache waliweza. Waliokuwa wepesi sana walinyakua tatu au nne kwa alasiri moja.

Mjomba Majok alinyakua tisa. Kato alikuwa akichora mistari ya mkaa ubavuni mwa kontena, na jioni ile alipochora wa tisa alirudi nyuma akaitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga. "Huyu mutu iko na kitu," akasema. "Si mbio tu. Iko na kitu."

Kwa kweli si mbio tu. Ungemwona mjomba siku za kazi usingemdhania. Alikuwa mrefu mno, magoti yametokeza, na alitembea polepole kana kwamba ameangusha sindano njiani. Akiwa juu ya gunia alisimama vivyo hivyo, mikono inaning'inia, kichwa kimeinama kidogo. Wengine walimtazama mrushaji mkononi. Yeye alimtazama kisigino. Nilipomuuliza siri yake aliniambia, "Mkono unadanganya. Kisigino hakijui kudanganya." Basi nami nikawa natazama kisigino. Kiliinuka kidogo tu, upana wa kidole, na papo hapo mjomba hayupo pale alipokuwa. Hukumwona akianza. Uliona vumbi, ukaona miguu mirefu imeufungua uwanja kama mkasi unavyofungua kitambaa, ukamwona amesimama juu ya gunia lingine, mikono inaning'inia, kichwa kimeinama, kana kwamba aliwekwa pale tangu asubuhi. Mimi niliyeshindwa kukaa hata wakati wa sala ya jioni niliweza kumtazama saa mbili bila kukwaruza mguu. Wengine walikuja uwanjani kuwaona wapigaji. Mimi nilikuja kuona ile nafasi iliyobaki tupu nyuma yake.

Kisha Mama Adut akahamia pale.

Alikuwa muuza chai, mama wa kwetu, mjane, mwenye jiko la mkaa, viti vifupi vya plastiki na kinu chake cha tangawizi na kahawa. Zamani alikaa karibu na barabara, lakini wachimbaji walimfukuza, naye akatafuta kivuli kingine, akakipata chini ya mwarobaini hatua chache kutoka besi ya tatu. Mjomba aliwahi kunywa chai yake mara nyingi kule barabarani. Binti yake, Adut, ndiye aliyekuwa akiosha glasi.

Jumapili ya kwanza baada ya Mama Adut kuhamia, mjomba alifika besi ya pili akasimama. Kisigino cha mrushaji kikainuka. Mjomba hakwenda. Kikainuka tena, hakwenda. Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo. Alinyakua ya pili kama kawaida, kisha akageuza uso kuelekea kontena na kubaki hapo kama mti, mpaka wenzake walipotolewa wote na zamu ikaisha. Jumapili ya tatu mpigaji wetu aliupiga mpira mbali kabisa, hata mtoto angefika, na mjomba akaenda nusu ya njia kuelekea besi ya tatu, akaona mahali anapoelekea, akageuka. Wakamgusa kwa mpira akiwa anarudi nyuma.

Waendesha boda wa Custom waliumia mbavu kwa kicheko. "Majok, mafuta imeisha?" mmoja akamuuliza. Mwingine akasema labda miguu mirefu kama ile huwa ya kukodi, na mwenyewe amekuja kuichukua. Mjomba alitabasamu tu. Mimi niliumia kana kwamba ni mimi niliyechekwa.

Nilikuwa nimeanza kumchunguza tangu Jumapili ya kwanza. Niligundua kwamba hanywi tena chai ya Mama Adut. Akirudi kazini alizunguka nyuma ya msikiti, njia ndefu, ili asipite mbele yake. Siku moja tulikuwa naye Custom, Mama Adut akatokea na mfuko wa sukari kichwani, na mjomba, mtu mzima, mbeba magunia ya saruji, akajificha nyuma ya lori la maji mpaka apite. Jasho lilimtoka. Nilipomuuliza kuna nini, aliniambia niangalie njia.

Mtoto aliyefundishwa dini nusu nusu ni mtu wa hatari. Katekista wetu alikuwa ametueleza habari za watu wanaotumia dawa kuwafunga wenzao, na mimi niliyameza yote bila kutafuna. Mtu alikuwa akinywa chai ya mwanamke fulani. Kisha mwanamke huyo anahamia karibu naye, na miguu ya mtu yule inakufa, anamwogopa hata mchana sokoni. Kwa akili yangu ya miaka kumi hapakubaki swali. Nilisali siku tatu. Nilimwomba Mungu anipe ujasiri, na naungama mbele yenu kwamba niliupata, ingawa sidhani ni Yeye aliyenipa.

Ilikuwa Jumapili hiyo hiyo ya tatu, vicheko havijaisha. Niliuvuka uwanja, nikasimama mbele ya jiko. Palikuwa na wateja watano au sita, askari mmoja, waendesha boda, na mama mmoja wa kwaya. Mama Adut alikuwa akimimina chai.

"Mama," nikasema, "mfungue mjomba wangu."

Hakunielewa. Aliniuliza amfungue wapi, amefungwa na nani.

"Dawa uliyomtilia kwenye chai. Itoe."

Nilisema kwa lugha yetu, kisha kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. Nyuma yangu, mbali, nilimsikia mjomba akiniita kwa jina langu. Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ameniita na uso wake umeelekea kwenye kontena. Hakupiga hata hatua moja kuja kunichukua. Nikaona huo ndio ushahidi wenyewe.

Hakuna aliyenipiga wala kunikemea. Askari aliirudisha glasi yake mezani ikiwa imejaa. Mwendesha boda mmoja akairudisha ya kwake. Mama wa kwaya akainuka akasema amechelewa. Mama Adut aliwatazama wakiondoka, akaushika mkono wa birika kwa upindo wa nguo yake, akaimwaga chai yote chini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akavikusanya viti vyake.

Nyumbani mama alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kitandani. Nilitegemea fimbo. Badala yake aliniuliza, "Kule kambini ulipata kuona mkwe akimpisha mama mkwe?" Nilisema sijui. Na kweli sikujua. Kambini vibanda vilibanana, watu walipanga foleni moja ya maji, mkwe nyuma ya mama mkwe, ndoo kwa ndoo, na heshima ile ilikuwa imelegezwa kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuitunzia. Mama akanieleza mambo ambayo mtoto haambiwi kabla hayajakamilika. Wazee wetu walikuwa wamepeleka posa kwa kina Adut. Tangu siku hiyo mjomba hakupaswa kukutana uso kwa uso na mama wa binti, wala kula mbele yake, wala kumjia njiani. Atampisha hivyo mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Si woga wala uadui. Ni namna ya mtu kusema kwamba amekiona kitu kikubwa anachokiomba. Na mama huyo huyo ndiye aliyekuja kukaa hatua chache kutoka besi ya tatu.

Kesho yake jioni habari ikaja kutoka kwa mashemeji wa Mama Adut. Mazungumzo yamesimama. Hawamwozi binti yao kwenye nyumba inayomwita mama yake mchawi. Mjomba aliipokea habari akiwa amekaa mlangoni, anakwangua tope kwenye viatu kwa kijiti. Nilikaa mbele yake. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo nilikuwa ninaijua kwa ghibu, niliwahi hata kupewa rozari ya plastiki kwa kuzitaja zote kumi bila kukwama.

"Ulidhani ninaogopa?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Naogopa kweli," akasema. "Ila si dawa." Akaendelea kukwangua kiatu ambacho kilikuwa safi tangu zamani.

Siku ya Jumanne mama alinipeleka kwa Mama Adut. Njiani aliniambia hatanisaidia hata neno moja. Tulimkuta amekaa uani, anapanga glasi zake kwenye sanduku, zimefungwa kwa magazeti. Tangu Jumapili hakuwa ameuza hata moja. Nilipiga magoti nikamwambia nilisema uongo juu yake. Aliniuliza nani alinituma. Nikasema hakuna, niliona mwenyewe.

"Uliona nini?"

Nikamweleza: besi ya pili, uso kwenye kontena, njia ya nyuma ya msikiti, na lile lori. Hapo akanisimamisha.

"Alijificha nyuma ya lori la maji?"

"Ndiyo."

"Lile linalovuja?"

"Ndiyo, mama. Alilowa mgongo wote."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika. "Na mimi siku hiyo nilijifunika uso nisimwone," akamwambia mama yangu, "nikaenda nikagonga nguzo, sukari ikamwagika." Walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi magotini sikujua kama nimesamehewa. Kumbe heshima ile ni ya pande mbili. Jumapili zote tatu Mama Adut alikuwa ameinamisha macho kwenye birika, asimwone kijana aliyemposa binti yake. Hakujua kwamba mjomba ameganda. Hakujua hata mchezo unachezwaje.

Kicheko kilipokwisha alinitazama vizuri. "Uliyasema mbele ya watu," akasema, "utayafuta mbele ya watu. Jumapili nitarudi pale. Wewe ndiye utakayekunywa glasi ya kwanza." Aliongeza kwamba mashemeji zake watatuma mtu aje kuangalia. Watu wakinywa, maneno yataendelea. Wasipokunywa, yeye hana la kuwaambia. Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, akaniuliza, "Huyo mjomba wako, anakimbia kweli?"

Nilimweleza hadi mama akanivuta mkono tuondoke.

Jumapili ile timu ya waendesha boda wa Custom ilikuja yote. Nilifika nikiwa bado na gauni la misa. Mama Adut alikuwa chini ya mwarobaini, jiko limewaka, viti vitupu. Watu walikaa mbali, wakitazama. Alinimiminia. Nilisimama nikasema, kwa lugha yetu na kwa Kiswahili, kwamba nilisema uongo juu ya mama huyu, kwamba chai yake haina kitu ila majani, sukari na tangawizi, na Mungu anisamehe. Nikanywa. Ilikuwa moto mno, ikaniunguza ulimi, nami nikaogopa kukunja uso watu wasije wakafikiri ndiyo dawa. Niliimaliza machozi yakinilenga. Kisha Kato akaja akiburuta gongo lake, akajitupa kwenye kiti. "Mama, mimi weka sukari mingi," akasema. Baada yake akaja askari. Baada ya askari, mwenye bodaboda aliyesema habari ya miguu ya kukodi.

Mama Adut alipoona viti vimejaa, alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliinuka, akakigeuza kigoda chake, akakaa ameupa mgongo uwanja mzima, nguo yake ameivuta hadi usoni. Akanishika mkono, akanikalisha mbele yake nikitazama uwanja juu ya bega lake. "Mimi siwezi kumwona," akasema. "Wewe una macho. Sema."

Basi nikasema. Nilisema mjomba amefika besi ya kwanza. Nilisema kisigino, nilisema vumbi, nilisema ameinyakua ya pili. Mkono wake ulikuwa umeukamata wangu, na kwa mkono wa pili aliendelea kumimina chai, bila kuangalia.

"Sasa?"

Sasa alikuwa amesimama kwenye besi ya pili, ametazama kontena kama Jumapili zile nyingine. Waendesha boda walianza kuguna. Kisha nikamwona anageuza kichwa, taratibu, akautazama mwarobaini. Aliuona mgongo wa Mama Adut. Aliutazama kitambo. Sijui mtu mwingine uwanjani alielewa nini, lakini mimi nilimwona mjomba akiachia mabega, mikono ikaning'inia, na kichwa kikainama kidogo.

"Ametazama huku," nikanong'ona. "Ameona umegeuka. Kisigino, mama, kisigino kinainuka, ameondoka, yuko katikati, mpira unakuja, mpira—"

Alikuwa amefika. Alikuwa juu ya gunia, hatua chache kutoka kwetu, amegeuka upande naye pia, mgongo wake kwa mgongo wa mama mkwe. Uwanja ulikuwa unapiga kelele. Nilifungua mdomo nimwambie, naye akainua mkono.

"Nyamaza kidogo," akasema. "Namsikia."

Alikuwa anahema. Pumzi nzito, za mtu aliyetoka kukimbia kwa moyo wote, zilikuwa zinatufikia waziwazi katikati ya kelele zile. Mama Adut aliinamisha kichwa akazisikiliza. Chai ilijaa glasi ya Kato ikafurika hadi kwenye kidole, na Kato, Mungu ambariki, hakusema kitu.

Kato alichora mistari kumi na mmoja kabla ya jua kuzama, na sijasikia mtu aliyeipita. Maneno ya wazee yaliendelea. Mtoto wa kwanza wa mjomba na Adut alipozaliwa, mama mkwe na mkwe wakaruhusiwa kutazamana, lakini wakati huo goti lilikuwa limemharibikia mjomba, na uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati ya mjenzi. Mama Adut hakumwona akikimbia hata mara moja. Yote aliyoyajua juu ya mbio zile aliyapata kwangu. Nilimsimulia nikiwa msichana, nikamsimulia nikiwa mke wa mtu, nikamsimulia na mwaka huu akiwa kitandani, mwepesi kama shuka, wiki moja kabla ya kumzika. Namshukuru Mungu kwa uvumilivu wake kwangu mtoto mwongo. Na kila mara, nikifika pale besi ya tatu, mama yule aliinua mkono ninyamaze, akafumba macho, akasikiliza.